Papa, Siku Ulipompeleka Ndege Chuo Kikuu

Mpendwa Papa Ramazani,

Wiki iliyopita nilikuwa nafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza jinsi ndege wanavyopangwa katika familia zao. Kijana mmoja aliyekaa mbele akanyoosha mkono, akauliza, "Madame, kujua ndege iko wa familia gani, hiyo inasaidia mutu gani?" Wenzake wakacheka. Nikamjibu kama vitabu vinavyojibu: kwamba huwezi kumlinda kiumbe usiyemjua, na kwamba msitu wetu una mengi ambayo hayajaandikwa. Akaridhika, akaandika.

Lakini hilo halikuwa jibu langu. Jibu langu ni refu, na jibu lenyewe ni wewe. Nikarudi nyumbani nikiwaza kwamba katika miaka yote tuliyoishi pamoja sikuwahi kukusimulia siku ile ilivyokuwa kwangu. Wewe ulikuwapo, ukaona kila kitu, lakini ulikuwa mtu mzima. Mimi nilikuwa darasa la tano, na nilikuwa naogopa. Basi leo nakuandikia, na barua naiacha wazi, ili kila mwenye mtoto nyumbani aisome.

Mama alikuwa amezikwa siku chache tu. Kwa wasiomjua, Mama alikuwa mtu wa Yanonge, mtoto wa wavuvi, aliyekuja Kisangani kuuza vitenge, akakukuta wewe, fundi cherehani kutoka Maniema, na mezani kwako ndipo alipoanza kupeleka vitambaa vyake vishonwe. Mimi nilikuwa tayari nimezaliwa. Baba aliyenizaa alishuka mto kwenda Kinshasa nikiwa bado nabebwa mgongoni, na hakurudi. Ulipomwoa Mama hukuniambia nikuite nini. Nilianza kukuita "Papa Ramazani" kama watoto wengine wa Kabondo, mtaa wetu, walivyokuita, na baadaye jina la pili likawa linadondoka lenyewe. Ijumaa ulikwenda msikitini. Jumapili ulitusindikiza mimi na Mama hadi mlango wa kanisa, umetushikia mwavuli, kisha ukarudi kupika. Wali wako ulikuwa unaungua kila Jumapili, na Mama alikuwa anaula akisema ni mtamu.

Halafu akaugua. Homa ilimchukua upesi kuliko tulivyoweza kukimbia naye.

Matanga yalikuwa bado hayajaisha, nyumba imejaa watu. Tonton Bosco, kaka yake mkubwa Mama, alikuwa amepanda mto kwa mtumbwi kutoka Yanonge pamoja na ndugu wengine. Alikuwa mtu wa sauti nzito, aliyempenda dada yake kuliko nafsi yake, na tangu siku ya mazishi hakuwa amezungumza na mtu ila kuuliza swali moja: "Alikufa na nini? Homa haiuwe mutu muzima namna hii. Alikufa na nini?"

Asubuhi moja niliamka nikasikia kitu kinakwaruza chini ya kitanda changu. Nikadhani ni panya. Nikainama, nikaona jicho. Kisha nikaona rangi. Wewe ulimwona baadaye, lakini mimi ndiye niliyemwona kwanza, na hadi leo nikifumba macho namwona vilevile: mgongo wa kijani, kichwa cheusi chenye mstari mpana wa rangi ya mchanga juu ya jicho, tumbo jekundu kama damu mbichi, na kwenye bawa madoa ya buluu yaliyong'aa hata pale gizani. Mkia mfupi sana, kana kwamba umekatwa. Hakuruka. Alisimama kwa miguu yake mirefu, akanitazama.

Sikupiga kelele. Nilimfunika kwa beseni, nikakaa juu ya kitanda nikifikiri nimpe nini ale. Ila Mama Charlotte, jirani yetu, aliingia kuomba makaa ya moto, akauliza kwa nini beseni linatikisika. Nikamwonyesha. Kelele alipiga yeye.

Kufikia jua kuchomoza vizuri, uwanja ulikuwa umejaa. Nakumbuka sauti zaidi kuliko sura. Mmoja alisema ndege wa namna hii hajawahi kuonekana Kabondo. Mwingine alisema ndege wa msituni haingii mjini ila ametumwa. Wa tatu akauliza sababu, pole pole, kama mtu anayeweka kitu chini kwa uangalifu: "Na juu ya nini aliingia kwa mutoto? Nyumba imejaa batu, juu ya nini kwa huyu?"

Hapo ndipo neno likatoka. Ndoki. Kwetu Kisangani halihitaji kuelezwa, lakini kwa wengine niseme tu: mchawi, na mara nyingi mtoto, ambaye husemwa kuwa amewala watu wa nyumba yake. Nilikuwa nimelisikia likisemwa juu ya mtoto mwingine, mtaa wa nyuma. Walimpeleka kwenye nyumba ya maombi, akafungiwa humo bila chakula mpaka akiri. Alikiri. Hakuna aliyemwona tena akicheza.

Tonton Bosco alisimama mlangoni. Alimtazama ndege, akanitazama mimi, na nikaona kwenye uso wake kitu kibaya kuliko hasira. Niliona mtu aliyepata jibu la swali lake.

"Hii haiko ndege ya bure," akasema. "Huyu mutoto leo ataenda kwa maombi."

Wewe ulikuwa mezani kwako karibu na soko, unamaliza sare za wanafunzi ulizokuwa umeahidi kabla Mama hajafa. Mtu alikukimbilia. Ulifika na tepi ya kupimia bado shingoni na pini mbili kifuani, ukapita katikati ya watu wote, hukumsalimia yeyote, ukaja moja kwa moja pale nilipokuwa nimekaa. Ukachuchumaa.

Nilijua utaniuliza. Kila mtu alikuwa ameniuliza: umefanya nini, umemtoa wapi, nani alikutuma. Nilikuwa nimeandaa jibu langu, kwamba sijui kitu, na nilijua ningelia nikilisema.

Wewe uliniuliza, "Umekula?"

Nikatikisa kichwa. Ukageuka, ukamwambia Mama Charlotte aniletee chai na mkate, kwa sauti ile ile uliyotumia kumwambia mteja suruali yake iko tayari. Kisha ukainua ukingo wa beseni, ukachungulia. Ukamtazama muda mrefu. Nadhani kama fundi, rangi zile zilikugusa.

"Shemeji," ukamwambia Tonton Bosco, "mbele ya kumupa mutoto jina mubaya, tujue kwanza jina ya ndege."

"Ndege gani, Ramazani? Hauoni? Hii iko kitu ya usiku!"

"Mi sijui. Na weye haujui. Hapa hakuna mutu anajua. Kule chuo kikuu kuko batu banasoma ndege miaka na miaka. Twende tuwaulize. Kama banasema hii haiko ndege, tutaongea."

"Na kama banasema iko ndege?"

"Alors mutoto atabaki kwangu, na hatutasikia tena hiyo neno."

Watu walinung'unika. Mmoja alisema huna haki, mtoto si wako, wa damu yake ni Bosco. Papa, ulisikia. Niliona mkono wako ukiishika ile tepi. Lakini hukumjibu yule mtu. Ulimwangalia Tonton Bosco peke yake, ukangoja, na labda kwa sababu ulingoja bila kugombana, akasema, "Bon. Lakini mi nitaenda na nyinyi. Nataka kusikia na masikio yangu."

Ukachukua kipande cha popilini nyeupe, kile kitambaa cha kutengenezea mifuko ya suruali, ukakaa kwenye cherehani iliyokuwa sebuleni na kushona mfuko mdogo wenye kamba mdomoni. Watu wote wamesimama wanakutazama, wewe unashona. Kisha ukaugeuza ili mshono ubaki nje, ukasema kwa sauti ya chini, kama unajisemea, "Kucha zake zisikwame." Leo, mifuko tunayowabebea ndege tunapopima mabawa yao hushonwa hivyo hivyo, mshono nje. Nilipofundishwa jambo hilo mwaka wa pili wa chuo nilitoka darasani kwa dakika chache nikasimama nje, mpaka macho yalipokauka.

Tulikwenda kwa toleka, baiskeli zile zinazobeba abiria. Mimi na wewe kwenye moja, mfuko mapajani mwangu, Tonton Bosco kwenye nyingine nyuma yetu. Nilikuwa nahisi moyo wa ndege kupitia kitambaa. Ulikuwa unapiga haraka mno, kama cherehani yako unapokuwa na haraka ya Noeli.

Kifaransa chako kilikuwa kidogo, na kwenye lango la chuo kikuu ulikuwa na aibu. Nilijua kwa jinsi ulivyoikunja tepi ukaitia mfukoni, kisha ukaitoa tena bila kujua. Ulimwambia mlinzi, "Tunatafuta mutu wa ndege." Akatucheka kidogo, lakini akatuonyesha njia. Tulizungushwa mlango hadi mlango mpaka tukamfikia Mademoiselle Odette, msaidizi katika idara ya biolojia, kijana bado, amekaa na mikate ya kukaanga kwenye karatasi. Ulipomwambia tuna ndege asiyejulikana, alisukuma chakula pembeni, akafuta mikono.

Akaingiza mkono kwenye mfuko, akamtoa ndege, shingo katikati ya vidole viwili, mgongo kwenye kiganja. Na hapo uso wake ukafunguka.

"Oh!" akasema. "Mumemutoa wapi? Batu banafanya mwaka muzima msituni bila kumuona!"

Sijui kama ulimwona Tonton Bosco wakati ule. Mimi nilimwona. Alikuwa amejiandaa kuona mtu akiogopa, na mbele yake alisimama mtu aliyefurahi.

Mademoiselle Odette akavuta droo ya mbao. Ndani ndege waliokufa zamani walikuwa wamelala chali kwa mistari, pamba machoni, kila mmoja na kikaratasi mguuni. Tonton Bosco akarudi nyuma. Wewe ukasogea mbele.

Alitueleza kwa subira, kwa Kiswahili, akichanganya Kifaransa pale tu alipokosa neno. Ndege huyu yuko katika kundi kubwa la ndege wanaotua matawini, kundi moja na shomoro na ndege wote wa nyimbo, ila koo lake limeundwa kwa namna rahisi zaidi. Wimbo wake hajifunzi kwa wazazi. Anazaliwa nao. Familia yake ina watu wengi, lakini karibu wote wanaishi mbali, huko Asia. Afrika nzima zipo aina mbili tu. Akachukua mmoja kwenye droo, kisha mwingine, akawalaza kandokando. Mmoja kifua cha kijani. Mwingine kifua cha rangi ya mchanga wa manjano.

"Huyu wa kijani iko mutu ya hapa," akasema. "Hahami. Huyu mwingine kuko wengine wanasafiri. Sasa yenu iko nani?"

Ndege wetu alikuwa bado mdogo, rangi za kifuani hazijakomaa, si kijani wala si mchanga. Mademoiselle akamsogeza kwenye mwanga wa dirisha, akamgeuza, akapuliza manyoya. Hakusema upesi. Nilipenda hilo hata wakati ule: kwamba mtu anayejua alikubali kutojua kwa muda. Kisha akachukua rula ya chuma, akalaza bawa juu yake, akapima. Akapima mara ya pili.

Wewe uliinama mpaka kichwa chako kikagusana na chake. Kupima ulikuelewa.

"Mabawa marefu," akasema. "Tazama, papa, namna inamalizika na ncha. Yule wa hapa bawa yake iko fupi, ya mviringo, sababu haende mbali. Huyu iko musafiri. Alizaliwa kule kusini na mashariki, Zambia, Tanzania, kule. Mvua ya kule ikiisha, wanakuja huku kwetu."

"Donc iko mugeni," ukasema.

"Mugeni kabisa."

"Na jina yake?"

"Pitta."

Ukamtazama. "Pita?"

"Pitta. Ndiyo jina yake katika sayansi."

Papa, ukacheka. Tangu Mama augue sikuwa nimekusikia ukicheka. Ulicheka mpaka ukashika meza. "Shemeji, unasikia? Jina yake iko Pita! Iko anapita tu!" Na Mademoiselle Odette, ambaye nadhani hakuwa amelifikiria hilo, naye akaanza kucheka, ndege mkononi. Nilipokuwa mkubwa nilisoma kwamba neno lile limetoka India, na kwa lugha ya huko maana yake ni ndege mdogo. Nilikuambia, ukasema, "Hapana. Maana yake ni anapita." Na mimi niliacha kubishana.

Tonton Bosco hakucheka. Alisema, na sauti yake ilikuwa imepungua, "Mademoiselle, sawa, iko ndege. Lakini juu ya nini aliingia kwa huyu mutoto?"

"Karibu na nyumba kuko taa?"

"Kuko kanisa," ukajibu wewe. "Wana jenereta. Walikesha."

"Basi. Hawa wanasafiri usiku. Taa zinawachanganya, wanagonga ukuta, wanaanguka. Na huyu haiko ndege ya juu, anaishi chini, kwenye majani. Akiumia anatafuta mahali pa giza, chini. Chini ya kitanda ni kama chini ya kichaka." Akamtazama Tonton Bosco vizuri, na nadhani hapo ndipo alipoelewa kwa nini tumekuja, kwa sababu alinitazama na mimi pia kabla ya kumaliza. "Angeingia hata chini ya kitanda yako, papa."

Tonton Bosco akatazama dirishani. Nje kulikuwa na wanafunzi wanapita wakipiga kelele za kawaida.

Mademoiselle alisema bawa halijavunjika, amechoka tu, na tusimwachie mjini. Tumpeleke ng'ambo ya mto, Lubunga, tufuate barabara ya Ubundu mpaka tukute msitu wenye majani mengi chini. Angeweza kumpeleka yeye. Lakini wewe ulisema hapana, ndege amekuja kwetu, tutamsindikiza sisi. Na ukamgeukia Tonton Bosco: "Shemeji, weye ndiye mutu wa maji."

Wewe ulikuwa unaogopa mto, Papa. Mtu mzima wa Maniema, umezaliwa karibu na mto huo huo, na hukujua kuogelea. Kwenye mtumbwi ulishika kingo mbili kwa nguvu, ukafumba macho. Tonton Bosco alichukua kasia la pili kutoka kwa mwenye mtumbwi bila kuomba, akakaa nyuma yako, na katikati ya mto, pale maji yanapovuta, akakuwekea mkono begani. Aliuacha pale mpaka tukafika.

Tulitembea sana. Mlipoona mahali panafaa, mliniachia mimi nifungue kamba. Nilifungua mfuko juu ya majani makavu, nikangoja. Ndege akatoka kwa kurukaruka, akasimama kama anasikiliza. Mwanga uliopenya juu ulimwangukia mgongoni. Akaruka hatua moja, mabawa yakafunguka, na madoa yale ya buluu yakawaka na kuzimika. Kisha akaingia kwenye majani, na rangi zile zote, ambazo uwanja wa Kabondo mzima ulikuwa umezitetemekea, zikapotea ghafla, kama hazikuwapo.

Tonton Bosco alivua kofia. Nilidhani atasali. Alisema, "Dada yangu angefurahi kuona hii." Halafu mabega yake yakaanza kutikisika, na mtu yule mkubwa akakaa chini kwenye majani, akalia kama tulivyokuwa tumelia sisi sote siku za kwanza, yeye akiwa amekataa. Hukumwambia anyamaze. Ulikaa kando yake. Alipomaliza alinyoosha mkono kwangu, sijui alitaka kunigusa au alitaka nimwinue. Nikaushika.

"Mutoto wa dada yangu," akasema, "twende nyumbani."

Uwanjani walikuwa wanatungoja. Ulisimama katikati, ukatangaza kama mtu wa redio: "Jina yake iko Pita! Anatoka Zambia! Alikuwa anapita!" Mama Charlotte ndiye aliyecheka kwanza, na kicheko chake, nakiri, kilinisaidia kuliko maelezo yote. Lakini watu hawabadiliki wote kwa siku moja. Kwa miezi kadhaa wapo waliowaita watoto wao ndani nilipopita. Ndipo ulipoanza kunichukua kila mchana baada ya shule, unanikalisha kando ya cherehani yako sokoni, mbele, mahali ambapo kila mpita njia ananiona. Nilidhani ulitaka nikuokotee pini. Sasa naelewa. Ulitaka waone kila siku mtoto wa kawaida, anafanya hesabu zake, anasinzia, anakula karanga, mpaka wachoke kuogopa.

Na Jumamosi ulikuwa unanipeleka kwa Mademoiselle Odette, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa ametuma salamu kwamba yule msichana wa Pita arudi. Alinipa kazi ya kubadilisha pamba iliyotandikwa kwenye droo. Nilijifunza majina. Nilijifunza kwamba wale wasafiri, ndani ya aina yao, wana jina la tatu, lenye maana ya mabawa marefu, la kuwatenga na ndugu zao wa magharibi wasiosafiri hivyo. Nilijifunza kusema "sijui bado" bila aibu. Siku nilipotetea kazi yangu ya kumaliza masomo ulikaa mstari wa mbele na kanzu yako ya Ijumaa, huelewi Kifaransa cha walimu wale, na kila nilipotaja jina la ndege uligonga kiwiko cha jirani yako. Ulipiga makofi kabla sijamaliza. Ukumbi wote ukakufuata, ikabidi ningoje.

Ninachotaka kukushukuru si masomo, ingawa hayo nayo yalitoka mikononi mwako. Nataka kukushukuru kwa sababu hukuniuliza. Siku ile, na miaka yote iliyofuata, hukuwahi hata mara moja kuniuliza kama ni kweli. Wengine walikuja baadaye kuniambia, "Sisi tulijua hukuwa na hatia." Wewe hukusema hata hilo, kwa sababu kwako hakukuwa na kesi. Kulikuwa na ndege asiye na jina na mtoto ambaye hajanywa chai.

Sasa nikuambie yaliyotokea ulipoondoka, maana hukuyaona.

Ulizikwa siku ile ile, kama inavyotakiwa kwenu. Mimi nilibaki nyumbani na wanawake, kwa kuwa makaburini walikwenda wanaume. Tonton Bosco aliomba ruhusa kwa wazee wa msikiti, yeye Mkatoliki, wakamruhusu asimame nao. Nywele zake zimekuwa nyeupe kabisa. Aliporudi viatu vyake vilikuwa na udongo mwekundu. Aliniambia, "Nimetupa udongo mara mbili. Moja yangu. Moja nimemwambia: Shemeji, hii iko ya mutoto." Nikamwandalia maji ya kunawa, lakini alikaa muda mrefu bila kunawa.

Wiki kadhaa baadaye akafika dada yako mkubwa kutoka Kindu, yule uliyekuwa unaongea naye kwenye simu kila sikukuu. Alikuwa amesafiri kwa boti na kwa pikipiki, mgonjwa wa magoti, mwanamke mfupi aliyevaa nguo uliyomshonea wewe, naijua mikono yako. Nilikuwa sijawahi kumwona. Nilisimama nyuma ya watu, nikijiuliza nijitambulishe vipi: binti wa mke wake, mtoto aliyemlea, nani.

Hakusalimia mtu. Alitazama nyuso zote, akauliza, "Binti yake iko wapi?"

Watu wakanigeukia. Akaja, akanishika kidevu, akanigeuzia uso kwenye mwanga.

"Eh! Hii paji ya uso iko ya mama yetu!" akasema. "Ramazani alikuwa anatuambia kila siku, binti yangu hivi, binti yangu vile. Mi nilimuambia tuma picha, hakutuma. Sasa tazama! Mama yetu kabisa!"

Nikaelewa, Papa. Miaka yote ile, kwenye simu zote zile, hukuwahi kuwaambia.

Mama Charlotte alitazama chini. Tonton Bosco alifungua mdomo, kisha akaufunga. Uwanja wote ulijua nimezaliwa na nani, na hakuna hata mmoja aliyesema neno. Shangazi alikuwa bado ameshika kidevu changu, anangoja, machozi yamemjaa.

"Ndiyo, shangazi," nikasema. "Karibu nyumbani."

Lala salama, Papa, na asante.

Binti yako